Siku ya kaskazi na watoto wadogo wanaosomea nyumbani: mwongozo kamili, saa kwa saa

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapotawala, Pwani yote huingia kwenye joto la unyevu. Dar es Salaam mchana hufika nyuzijoto 31 hadi 33, na usiku joto huzunguka 25. Jasho halikauki, nguo hunata mgongoni, na chumba chenye bati bila dari hakifai kukaliwa kuanzia saa 6 mchana hadi jua lipungue makali.

Wazazi wengi wanaofundisha watoto wao nyumbani huanza kwa kunakili ratiba ya shule: masomo saa 2 asubuhi, mapumziko saa 4, masomo tena hadi saa 8 mchana. Msimu huu ratiba hiyo haidumu wiki moja. Ifikapo saa 5, mtoto wa miaka mitano ana kiu, ana usingizi na hasikii tena unachosema. Mzazi hudhani ni ukaidi, huongeza sauti, na siku nzima huharibika. Dawa yake ni kuliachia jua lipange siku: kazi ya akili ifanyike asubuhi mapema, maji na kivuli vifuate, katikati ya mchana watu walale, na mbio za nje zisubiri saa 10 jioni.

Mwongozo huu umepangwa kwa nyumba yenye watoto wa kati ya miaka 3 na 7, kwa mfano mmoja wa mitatu, mmoja wa mitano na mmoja wa saba. Unamfaa pia mzazi ambaye watoto wake wako likizo ndefu ya mwisho wa mwaka na hataki wasahau kusoma. Kuhusu sheria, Tanzania inamtaka mtoto aliyefikia umri wa darasa la kwanza aandikishwe shule, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamwajibisha mzazi vivyo hivyo. Kwa mkubwa wa miaka saba, basi, zungumza kwanza na ofisi ya elimu ya eneo lako. 

Tayarisha nyumba kabla ya ratiba

Chagua sehemu mbili za kukaa: ya asubuhi na ya mchana. Ya asubuhi mara nyingi ni kibaraza au ua wenye mti, mwembe au mwarobaini. Ya mchana ni chumba chenye madirisha pande mbili, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo dirisha la upande huo liwe wazi muda wote. Madirisha ya magharibi yafungwe pazia zito kuanzia saa 7 mchana, kabla jua halijaanza kuingia. Ukisubiri ukuta upate moto, pazia haitakusaidia tena, maana ukuta wa tofali za saruji utaendelea kutoa joto hadi usiku.

Kuna ushauri unaozunguka sana wa kutundika kanga iliyolowa dirishani ili kupoza chumba. Dodoma au Tabora wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, unafanya kazi vizuri. Tanga, Mombasa au Unguja hausaidii kitu, kwa sababu hewa imeshajaa unyevu, maji ya kwenye kanga hayakauki kwa kasi, na kukauka huko ndiko kunakopoza. Huku Pwani chumba kitazidi tu kuwa na unyevu. Bora umloweshe mtoto mwenyewe: futa shingo, mikono na miguu kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, kisha mkalishe kwenye njia ya upepo au mbele ya feni. Rudia kila baada ya nusu saa wakati wa joto kali.

Vifaa vya masomo ni vichache. Unahitaji mkeka mkubwa au jamvi, kibao cheusi kimoja kwa kila mtoto anayeandika, chaki, penseli laini za 2B, daftari la mistari mikubwa, kadi 60 ulizokata kwenye maboksi ya karatasi ngumu, vizibo 40 vya soda, na brashi mbili za kupakia rangi. Penseli laini ni muhimu kuliko inavyoonekana. Karatasi ikinyonya unyevu wa hewa na jasho la kiganja, penseli ngumu hukwaruza bila kuandika, mtoto hukandamiza, karatasi huchanika, na machozi hufuata. Weka kitambaa kikavu chini ya mkono wake, na kazi nyingi afanyie kwenye kibao.

Saa 12 hadi saa 1:30 asubuhi

Mwezi Januari jua la Dar hutoka muda mfupi baada ya saa 12 asubuhi. Watoto huamka wenyewe, na muda huu ndio mtamu kuliko wote. Usiutumie kuwaonyesha televisheni.

Kila mtoto apate maji kikombe kimoja mara anapoamka, kisha kazi ya nyumba inayolingana na umri wake. Wa miaka mitatu anakusanya mito na kupeleka nguo chafu kwenye tenga. Wa mitano anamwagilia mimea kwa kopo dogo na kufagia kibaraza kwa ufagio uliokatwa mpini. Wa saba anaosha vikombe na kuchambua mchele au maharage kwenye ungo. Hizi ni kazi za kweli, na kuchambua mchele kunamzoesha mtoto kutumia vidole viwili kwa makini, mazoezi yaleyale yatakayomsaidia kushika penseli.

Chai iwe mapema, kabla ya saa 1:30. Uji wa ulezi kwa watoto watatu: nusu kikombe cha unga kwa maji vikombe vinne. Koroga unga kwanza kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka ulainike, ndipo umimine kwenye vikombe vitatu vinavyochemka huku ukikoroga. Unga ukiutia mkavu kwenye maji ya moto, sehemu ya nje huiva ghafla na kuacha mabonge yenye unga mbichi ndani. Pika dakika 10 hadi 15, kisha tia kijiko kikubwa cha siagi ya karanga na ndimu kidogo. Joto likiwa kali watoto hukataa uji wa moto, basi uache upoe kabisa, ilmradi unywewe asubuhi hiyohiyo.

Saa 1:30 hadi saa 3:30: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu

Saa mbili zinatosha, na ndani yake masomo halisi ya kila mtoto hayazidi saa moja. Wa miaka mitatu mpe dakika 10 kwa mara moja, wa mitano 15, wa saba 20 hadi 25, na katikati ainuke akanywe maji au aruke kamba. Tanzania ilipobadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 iliweka mkazo kwenye stadi hizi tatu, ambazo walimu huziita KKK. Kwa umri huu nyumbani pia zishikilie hizo hizo. Mengine yote yataingia kupitia kazi na michezo.

Kusoma Kiswahili kuna neema kubwa: herufi inasomwa ilivyoandikwa. Mtoto aliyefundishwa vizuri anaweza kusoma maneno mazima mapema sana. Fuata hatua hizi.

Kwanza irabu tano, a, e, i, o, u, kwa sauti zake tu. Mpe siku kadhaa mpaka azitambue zikichanganywa. Usimfundishe majina ya herufi ya Kiingereza katika hatua hii. Mtoto aliyezoea kuita m "emu" ataona "ma" na kusoma "emu-a", na kuivunja tabia hiyo huchukua muda mrefu kuliko kuifundisha.

Pili, chukua konsonanti moja na uiunganishe na irabu zote: ma, me, mi, mo, mu. Kila silabi iwe kwenye kadi yake. Zitandaze mkekani, taja moja, mtoto airukie au aiguse kwa ufito. Kisha badilishaneni: yeye ataje, wewe utafute, na mara mojamoja ukosee makusudi ili akurekebishe. Mtoto anayemrekebisha mwalimu wake anasoma kwa bidii kuliko anayehojiwa.

Tatu, ongeza konsonanti moja kila baada ya siku tatu au nne, kwa mpangilio unaozaa maneno haraka. Ukianza na m, k, t, l na n, tayari una mama, kaka, kiti, moto, meli, kuku, tatu, na sentensi kamili: Mama analima. Kaka analala. Usisubiri amalize alfabeti ndipo asome sentensi.

Nne, njoo kwenye mahali ambapo wengi hukwama: m inayosimama peke yake, kama kwenye mtu, mti, mkate. Mtoto atasoma "mutu". Mwambie afunge midomo, atoe mlio wa m akiwa amefunga, ndipo aseme "tu". Apige kofi mara mbili: m, tu. Baada ya hapo ndipo zije sh, ch, ny, mb, nd, ng na ng'. Tofauti ya ngoma na ng'ombe ifundishwe kwa sikio kabla ya kadi. Dh, th na gh ziache mwisho.

Kuandika kufuate siku hiyohiyo kwa silabi zilezile, lakini mdogo asianze kwenye karatasi. Mpe brashi na kopo la maji, aandike herufi kubwa kwenye sakafu ya saruji kibarazani. Herufi hukauka yenyewe baada ya dakika chache, naye anaandika tena bila kufuta. Ndani ya dakika kumi ataandika mara nyingi kuliko angeweza daftarini. Mkubwa aandike sentensi tatu tu kwenye daftari, kwa uzuri, na herufi zikae juu ya mstari. Tatu nzuri zina faida kuliko ukurasa mzima ulioharakishwa.

Kwa kuhesabu, tafuta trei mpya ya mayai ya karatasi. Trei ya mayai 30 ina mashimo matano kwa sita. Kata vipande viwili, kila kimoja chenye safu mbili za mashimo matano. Hapo una visanduku viwili vya kumi. Trei iliyotumika ina vinyesi vya kuku na huwezi kuiosha, basi ukikosa mpya chora miraba kumi kwenye kadi. Mtoto aweke vizibo saba: ngapi zimebaki wazi? Tatu. Fanya hivyo kila siku mpaka aone kumi bila kuhesabu moja moja, kwa kuwa kujumlisha na kutoa kote kunasimama juu ya kuiona kumi.

Kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa hakuna tabu, maana jina lenyewe linamwambia: kisanduku kimoja kimejaa, na vizibo vitatu pembeni, kumi na tatu. Tabu inaanza kwenye ishirini, thelathini, arobaini, ambayo hayamwambii kitu kuhusu mbili, tatu au nne. Ndiyo maana mtoto anayehesabu vizuri hadi kumi na tisa husimama ghafla au kusema "kumi na kumi". Usimkaripie, yuko sahihi kimantiki. Mwonyeshe visanduku viwili vilivyojaa, umpe jina lake, na kila siku rudieni makumi peke yake kwa wimbo wa kupiga makofi.

Wakati mkubwa anafanya kazi yake, wa miaka mitatu awe na tenga lake ambalo hutolewa muda huu tu: kokwa kavu za embe, vifuniko vikubwa vya makopo, vibanio vya nguo na vikombe vya plastiki vinavyoingiana. Vizibo vya soda, maharage na shanga zisiwemo, maana humkaba mtoto wa umri huo. Likirudishwa kabatini kila ifikapo saa 3:30, tenga hilo halitamchosha. Likiachwa wazi siku nzima, baada ya siku mbili halitakuwa na maana kwake.

Saa 3:30 hadi saa 6: maji na kivuli

Hapa siku hubadilika. Funga madaftari hata kama kazi haijaisha. Kitu cha kwanza ni kinywaji na tunda: tikiti, chungwa, au embe, kwa kuwa msimu wa embe unaangukia humu humu. Watoto wakicheza huwa hawaombi maji, kwa hiyo wape nusu kikombe kila nusu saa bila kuwauliza kama wana kiu. Mkojo ndio kipimo: ukiwa wa njano hafifu mambo ni sawa, ukiwa wa rangi ya chai, maji hayatoshi.

Mchezo wa maji hauhitaji bwawa. Beseni pana lenye maji ya kina cha sentimita 5 hadi 8, chini ya mti, linatosha. Mtu mzima akae pale pale, umbali wa mkono kumfikia mtoto, na simu iwe ndani. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji machache sana, kwa sababu kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili, na akitumbukia kichwa chini kwenye ndoo hawezi kujiinua. Kwa sababu hiyo hiyo ndoo na mapipa ya akiba ya maji yawe na mifuniko iliyobana, na sakafu ya bafu isiachwe na ndoo iliyojaa.

Somo la kwanza la majini ni vipimo. Kopo la nusu lita, jagi la lita mbili: makopo mangapi yatajaza jagi? Mkubwa akisie kwanza, ndipo amimine. Somo la pili ni vinavyoelea na vinavyozama. Kusanya jiwe, kijiti, kizibo, kijiko, kokwa la embe na machungwa mawili. Chungwa moja liwe zima na ganda lake, jingine limenywe kabisa mpaka weupe wote utoke. Lenye ganda huelea na lililomenywa huzama, kwa sababu ganda lina vijishimo vingi vya hewa ndani yake. Machungwa ya mtaani yaliyomenywa nusu, yenye weupe bado, huharibu jaribio hili, nunua mazima.

Siku nyingine fanyeni unga wa kufinyanga: unga wa ngano vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja, mafuta ya kula kijiko kimoja cha chakula, na maji robo tatu ya kikombe, ukiongeza kidogokidogo hadi usinate mkononi. Pwani unga huu hulainika na kutoa maji ndani ya saa chache kwani chumvi inavuta unyevu wa hewa. Ongeza unga mkavu kijiko kimoja kimoja, na uhifadhi kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya friji. Una chumvi nyingi sana, kwa hiyo mdogo anayetia kila kitu mdomoni asubiri mpaka akue.

Mchezo ukiisha, maji ya beseni yamwagwe kwenye mimea siku hiyohiyo, na beseni lifunikwe kichwa chini. Mbu anayeeneza homa ya dengi huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama nyumbani, na huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya magharibi. Dar ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kagua pia visahani vya maua, matairi na vifuu vya nazi vilivyotupwa uani.

Watoto wenye ualbino wasikae nje kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni bila kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Michezo hii yote inaweza kufanyika kibarazani, na wote wakikaa kibarazani hakuna atakayejiona ametengwa.

Jua la utosi

Kuna somo moja la saa 6 mchana ambalo linastahili dakika tano za jua kali, kwa kofia. Simika fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja kamili mahali pa wazi na tambarare. Kuanzia saa 6:15 weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, mtoto akitoka na kurudi kivulini. Dar, kuanzia Krismasi kivuli kifupi kabisa hupatikana kati ya saa 6:20 na 6:40, wala si saa 6 kamili, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki na sisi tuko magharibi yake.

Pimeni kivuli hicho mara moja kwa wiki na mwandike kwenye daftari. Siku za Krismasi hukaribia sentimita 30, katikati ya Januari sentimita 26, na karibu na tarehe 10 Februari sentimita 13. Muda wote huo kinaangukia upande wa kaskazini, kwa kuwa jua liko kusini kwetu. Mwanzoni mwa Machi jua hupita utosini kabisa na kivuli cha fimbo hutoweka chini yake. Baada ya hapo hugeukia kusini. Mombasa, iliyo kaskazini zaidi, siku hiyo huchelewa kwa takriban wiki moja. Mtoto wa miaka saba aliyeyapima haya mwenyewe atakuwa na maswali ambayo vitabu vya darasa lake havijafika, na yafaa kumjibu kwa chungwa na tochi usiku. Kulitazama jua lenyewe ni marufuku kwa wote.

Saa 6:45 hadi saa 10: chakula, kulala, kimya

Chakula cha mchana kiwe chepesi na chenye mchuzi: wali na mchicha wa nazi, samaki, kachumbari. Mtoto asiyekula mchana wa joto usimlazimishe, mpe matunda na maziwa ya mtindi, atafidia jioni. Wali uliobaki usikae mezani zaidi ya saa moja kwenye joto hili, ndani ya kawa au nje yake. Vijidudu vinavyostahimili kupikwa huamka wali unapokuwa vuguvugu, na sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uingize friji.

Baada ya kula, watoto wakoge maji ya kawaida, wavae nguo moja nyepesi ya pamba, walale. Maji ya barafu hayafai: ngozi hujikunja, mtoto hutetemeka, na joto la ndani hubaki. Wenye upele wa joto shingoni na kwapani wakaushwe vizuri na waachwe wazi. Kuupaka poda nyingi huziba vitundu vya jasho ambavyo tayari vimeziba.

Wa miaka mitatu alale saa moja hadi moja na nusu. Akipitiliza saa 9:30 mwamshe, la sivyo usiku hatalala. Wakubwa, hata wakikataa usingizi, wawe na kimya cha dakika 45 mkekani na vitabu vya picha. Mwanzoni anza na dakika 15 na uongeze kila siku. Kama una utaratibu wa katuni, mahali pake ni baada ya kimya hicho, nusu saa, mtu mzima akiwa anajua wanachotazama. Mzazi naye apumzike. Asiyepumzika saa 8 hukosa subira saa 11.

Mchana huu ndio wa kuangalia dalili. Midomo mikavu, kulia bila machozi, au kutokojoa kwa saa sita ni upungufu wa maji. Mpe mchanganyiko wa chumvi na sukari wa pakiti kutoka duka la dawa. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, vikoroge viyeyuke. Uonje: usizidi machozi kwa chumvi, maana chumvi ikizidi inamdhuru. Umpe kidogo kidogo kwa kijiko. Mtoto mwenye mwili wa moto sana aliyechanganyikiwa, anayetapika mfululizo, mlegevu au mwenye degedege apelekwe hospitali mara moja huku mnampoza njiani kwa maji na upepo. Na homa yoyote isihesabiwe kuwa "joto la msimu tu": akapimwe malaria siku hiyohiyo.

Saa 10 jioni hadi magharibi

Sasa nje ni kwao. Rede, kombolela, kuruka kamba, baiskeli. Wa miaka saba apewe mdako: kishimo, kokoto kumi na ndimu ya kurusha juu. Kokoto hutolewa na kurudishwa moja moja, kisha mbili mbili, kisha tatu tatu, na hapo mtoto anagundua mwenyewe kwamba kumi kwa tatu hubakiza moja. Watoto wanaosomea nyumbani wanahitaji wenzao, kwa hiyo muda huu geti liwe wazi kwa majirani, au watoto waende madrasa, kwaya au uwanjani pamoja na wengine. Mtoto anayeshinda na ndugu zake pekee hujifunza kushindwa na kushinda kwa watu walewale tu.

Mkiwa karibu na bahari, angalieni mwezi kabla ya kutoka. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni siku za bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na pwani ya Dar na Unguja maji hujaa karibu saa 10 jioni, ufukwe ukawa mwembamba na wimbi likapiga juu. Siku hizo wadogo wachezee mchanga tu. Wiki ya maji mafu, kati ya bamvua moja na jingine, jioni huwa tulivu zaidi kwa kuchovya miguu.

Rudini kabla ya giza. Mbu wa malaria huanza kazi usiku unapoingia.

Magharibi hadi saa 2 usiku

Waoge, wale chakula cha usiku mapema, saa 12:45 hivi. Baada ya hapo ni muda wa mdomo na sikio. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Yai. Kuku wangu katagia miibani. Nanasi. Mwache mdogo atunge cha kwake hata kama hakina jibu. Msomee kila mtoto, au mkubwa awasomee wadogo zake ukurasa mmoja aliouzoea asubuhi; kusoma mbele ya wasikilizaji wanaomwamini kunampa ufasaha.

Saa 2 usiku wawe chini ya chandarua chenye dawa, feni ikielekezwa ukutani ili upepo urudi taratibu badala ya kumpiga mtoto moja kwa moja. Umeme ukikatika, dawa ya jasho ni kanga moja iliyoloweshwa na kukamuliwa sana: wafute nayo miguu na migongo, kisha umpepee mdogo kwa kipepeo cha ukindu hadi asinzie.

Kabla hujalala, tumia dakika kumi: loweka maharage ya kesho, jaza chupa mbili za maji robo tatu na uzilaze kwenye friza (zikijaa kabisa hupasuka, kwani maji yakiganda hutanuka), chagua kadi za silabi tano za asubuhi, na angalia salio la Luku, umeme wa kulipia kabla.